Siku Niliyomkatalia Doti Mlimani

Jumapili baada ya ibada mlinizunguka pale mlangoni, wanangu, mkaniambia kwaya nzima mnataka kupanda mlima mwezi wa pili, theluji ikiwa imejaa, halafu mkaniuliza swali moja tu: "Bibi Godeliva, tununue viatu gani?" Nikasema nitawajibu. Nimekaa siku kadhaa nikilifikiria, nikaona jibu la viatu ni fupi mno, na mkishalipata mtaondoka, mengine hamtayasikia. Kwa hiyo viatu nitavitaja nikifika huko. Kwanza kaeni.

Wengi wenu mnanijua kama bibi wa benchi la nyuma anayekohoa wakati wa mahubiri. Hamjui kwamba kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, niliyoipenda kuliko zote nilizofanya Marekani, ilikuwa kutunza njia za miguu katika milima iliyo kusini mwa Buffalo. Wenyeji huiita vilima, kwa sababu wana mikubwa zaidi huko mbali. Mimi naiita milima. Kitu kinachoweza kukuua wakati unakipanda kinastahili jina hilo.

Tulikuwa watatu. Kulikuwa na Ray, mwanamume mnene mpole aliyeendesha pikipiki ya theluji na kukaa na redio pale nyumba ya walinzi chini ya mlima. Kulikuwa na mimi. Na kulikuwa na mkubwa wetu, mama mmoja mwembamba wa Kimarekani aliyeitwa Dorothy, lakini kila mtu alimwita Dot. Mara ya kwanza kusikia jina hilo nilicheka mbele yake, nikalazimika kumweleza kwamba kwetu doti ni khanga mbili pamoja. Alifurahi kweli. Tangu hapo nikamwita Doti, naye akaniita Liva, maana Godeliva lilimshinda.

Kila asubuhi ya majira ya baridi tulipanda kuangalia njia. Tulikata miti iliyoanguka, tukapangusa alama za rangi ya buluu zilizopakwa kwenye mashina ya miti, tukachomeka fimbo kupima kina cha theluji, kisha tukashuka kuandika kwenye ubao pale mlangoni: leo ngazi zina barafu, leo vaa viatu vipana, leo usiende. Watu walisoma ubao huo kama mnavyosoma masharti kwenye simu zenu, yaani hawakuusoma.

Msidhani nilizaliwa najua haya. Nimekulia katika kambi ya wakimbizi Warundi, Tanzania, kule Kigoma, na baridi niliyoijua ilikuwa ya alfajiri ya mwezi wa saba, ile inayoisha ukiota moto na kunywa uji. Marekani waliniteremsha Louisville. Huko theluji si nyingi, ila kuna mvua inayoganda ikigusa kitu chochote. Asubuhi moja nilitoka kwenda kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka, nikakuta mji mzima kama umemwagiwa kioo. Kila tawi linang'aa. Nikasema Mungu ni fundi. Nikapiga hatua moja, nikateleza ngazi zote kwa makalio mpaka barabarani, na mkoba wangu ukanitangulia. Jirani mmoja, mzee wa palepale, akanipigia kelele kutoka dirishani kwake: "Tembea kama bata!" Nilidhani ananitukana. Kumbe alikuwa ananifundisha: magoti yalegee kidogo, miguu itazame nje, hatua ziwe fupi, na uzito wote uwe juu ya mguu uliokwisha kukanyaga. Mpaka leo ndivyo ninavyotembea kwenye barafu, na nyie mtatembea hivyo hivyo hata kama mnapigana picha.

Kutoka Louisville nikahamia Columbus, na huko ndiko nilikojifunza baridi. Nilipata kazi kwenye ghala la vyakula karibu na Gahanna, upande wa friza, nikipanga maboksi ya nyama na samaki. Siku ya kwanza nilivaa nguo zote nilizokuwa nazo. Nikafanya kazi kwa nguvu, nikatoka jasho, nikaona mambo ni mazuri. Halafu mashine ikaharibika, tukasimama tunasubiri, na lile jasho likageuka barafu mgongoni. Nilitetemeka mpaka meno yakaniuma. Mwanamama wa Kisomali aliyekuwa na miaka mingi pale alinishika mkono akanitoa nje, akanifungua koti akaona fulana ya pamba imenilowa. Akaniambia pamba ni ya kulalia tu. Ndani vaa sufu au ile nguo ya michezo inayokauka haraka, katikati kitu cha kushika joto, juu kitu cha kuzuia upepo. Na ukianza kusikia joto, vua kabla jasho halijatoka, usingoje litoke. Hilo liandikeni. Mlimani baridi haikuanzii nje, inakuanzia kwenye jasho lako mwenyewe.

Baadaye kaka yangu alikuwa hapa Buffalo, West Side, akaniita, nikaja. Kazi ya njia za mlima niliiona kwenye tangazo la kanisa. Waliotaka walikuwa wachache, kwa sababu mshahara ulikuwa wa kawaida na baridi haikuwa ya kawaida.

Doti alinifundisha kwa kunitembeza. Hakuwa mtu wa maneno. Alinionyesha jinsi ya kubeba chupa ya maji kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu, na ukiigeuza chupa mdomo unabaki wazi. Alinionyesha kuweka simu na mkate ndani ya koti, karibu na mwili, maana betri hufa kwa baridi na mkate unakuwa jiwe. Alinikataza kula theluji hata nikiwa na kiu. Na viatu, haya sasa: viatu vya ngozi au vya mpira visivyopitisha maji, virefu kupita kifundo cha mguu, vikubwa kidogo ili vidole vicheze ndani ya soksi ya sufu. Kiatu kinachobana kinazuia damu, na damu ndiyo moto wako. Juu ya kiatu, kama kuna barafu, mnafunga njumu za minyororo. Kama theluji ni nzito, mnafunga vile viatu vipana mfano wa ungo, ili msizame. Raba zenu nyeupe mziache nyumbani. Nimemaliza viatu. Asiyetaka zaidi anaweza kuondoka.

Waliobaki, sikilizeni.

Ilikuwa siku ya katikati ya wiki. Huku mjini jua lilikuwa linawaka, lakini mnaijua theluji ya ziwani, ile inayoletwa na upepo kutoka ziwani: unavuka tu kusini mwa mji unakuta ukuta mweupe umesimama barabarani. Ukuta ule ulikuwa unakuja kwetu taratibu. Mchana simu ya nyumba ya walinzi ikalia. Ray akapokea, akasikiliza, akasema "Sielewi, tafadhali rudia," kisha akaniangalia mimi na kunipa ile simu. "Nadhani huyu ni wako," akasema.

Nikasikia sauti ya kijana, na upepo nyuma yake. "Allô? Allô? Please, my sister..."

"Sema Kiswahili," nikamwambia.

Maneno ya Kiswahili cha Kongo yakamtoka kwa pamoja. "Mama! Mungu wangu. Mama, tuko huku juu ya mulima. Dada yangu ameanguka, muguu yake imevimba sana, hawezi kutembea. Na njia haionekane tena. Donc, hatujue tuko wapi."

"Mko wangapi?"

"Wawili tu. Miye na Furaha. Miye ni Justin."

"Unaona nini hapo ulipo?"

"Kuko kanyumba ka mbao. Haiko na mulango."

Nilipajua. Ni kibanda cha kuta tatu karibu na kilele. Nikamwambia waingie humo wasitoke, amkalishe dada yake juu ya begi, asimwache akae kwenye barafu, na wakumbatiane. Akasema, "Bon, sawa mama," na simu ikakatika.

Ray akaita gari la wagonjwa. Wakamjibu kwamba barabara yetu imefungwa na theluji na watachelewa. Pikipiki isingeweza kupanda mpaka kileleni, ingeishia njia panda, katikati ya mgongo wa mlima. Doti alikuwa ameshavaa. "Liva na mimi tunapanda na sleji," akasema. Sleji ni ile mashua ndogo ya plastiki ya kumburuta majeruhi. "Tukimfikisha njia panda, Ray, wewe unatuchukua hapo." Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yetu, na ilikuwa mizuri.

Tulipanda haraka, Doti mbele na mimi nyuma nikivuta sleji. Kuna kijito tunachokivuka kwa daraja la theluji, yaani maji yanapita chini na theluji imefunika juu. Doti alilipima kwa fimbo, likakubali. Akapita. Alipofika ukingo wa pili likabomoka, akazama mguu mmoja mpaka pajani. Alijitoa mwenyewe, akacheka, akapukuta maji, nami nikavukia juu kidogo, palipokuwa na mawe.

"Badilisha soksi," nikamwambia. "Ninazo kavu."

"Tukifika," akasema. "Yule binti bila shaka amekaa na jinzi."

Ni kweli alikuwa amekaa na jinzi. Tulipofika kibandani tulimkuta Furaha midomo imekuwa ya rangi ya majivu, amevaa raba, na kaka yake amempa koti lake na yeye amebaki na sweta. Justin alikuwa mfanyakazi wa ghala Columbus, amekuja Buffalo kumsalimia dada yake anayekaa East Side. Dada alitaka kumwonyesha mlima. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kaka yake aone kitu kizuri.

Doti alipiga magoti akamfunga mguu kwa vipande vya mbao na bandeji, mikono yake inakwenda kama ya fundi cherehani. Halafu akavua koti lake zito la manyoya ya bata akamvika Furaha, tukamlaza kwenye sleji. Yeye akabaki na koti jembamba la mvua. Nikataka kusema kitu, lakini Furaha alikuwa anatetemeka kiasi kwamba sleji yenyewe ilikuwa inagonga ukuta. Nikamgeukia Justin, nikampa kofia yangu ya akiba na glavu na chai ya moto yenye sukari nyingi, nikaanza kumfunga Furaha mikanda. Muda huo wote Doti alisimama upande usio na ukuta, kwenye upepo, mguu wake umelowa, anaangalia nje. Ule ukuta mweupe ulikuwa umetufikia. Mti uliokuwa hatua chache mbele ulikuwa haupo tena.

Tulipokuwa tayari, Doti akasema, "Tunashuka kwa korongo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Korongo lile linatelemka moja kwa moja kutoka kibandani, ni njia fupi kweli, lakini chini yake lote ni maji yanayopita chini ya theluji, na kando zake zinaporomoka. Wiki ileile yeye mwenyewe alikuwa amelifunga kwa kamba.

"Doti, korongo tumelifunga."

"Najua. Ni fupi."

"Kuna maji chini. Umetoka kuzama sasa hivi."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiangalia lakini kama ananitazama kupitia dirisha lenye mvuke. "Nani kazama?" akauliza.

Hapo moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtu aliyeingiwa na baridi ya ndani usimuulize kama yuko sawa, kwa sababu atakujibu yuko sawa. Anaacha kutetemeka, unadhani amepata nafuu, kumbe mwili umechoka kupigana. Ulimi unakuwa mzito. Mpe kazi ndogo ya vidole umtazame. Nikamwambia, "Doti, funga zipu ya koti lako." Ilikuwa wazi mpaka kifuani. Akaishika. Akaitazama. Vidole vikapita pembeni, vikarudi, vikapita tena. Akaiacha, akasema, "Sina haja."

Justin hakuona hayo. Yeye aliona bibi wa Kizungu mwenye redio kifuani na mwanamke mweusi anayebishana naye, na dada yake anaganda. "Mama," akaniambia kwa Kiswahili, "huyu ndiye chef, si ndiyo? Anajua hii mulima. Tumufuate. Furaha atakufa."

"Huyu ni mkubwa wangu, na namheshimu kuliko unavyofikiri," nikamjibu. "Lakini sasa hivi baridi imemwingia kichwani. Tukimfuata tutakufa wote wanne."

"Na kama weye ndiye unakosea?"

Nawaambia ukweli, wanangu, swali lake lilikuwa la haki. Yule mama alikuwa ametembea milima ile maisha yake yote. Mimi nilikuwa na majira machache tu ya baridi. Nilitazama korongo, nikatazama mgongo wa mlima usioonekana, nikajiuliza kama ni yeye amechanganyikiwa au ni mimi mwoga.

Furaha ndiye aliyesema. Alikuwa amelala kwenye sleji, sauti yake ndogo. "Justin, angalia mikono ya huyu bibi." Furaha kazi yake ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee hapa mjini. "Minaona kila siku watu wa hivi. Hajue kile anafanya. Sikiliza mama."

Doti hakujua maneno, ila alielewa kwamba tunamjadili. Uso ukamjaa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Wewe umekuja juzi tu kutoka kwenye joto," akaniambia. "Utanifundisha mimi theluji? Nimezaliwa humu." Kisha akashika redio. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini aliongea kama mkubwa. "Ray, tunashuka kwa korongo. Tusubiri chini, kwenye daraja la barabara."

"Sawa, Doti," Ray akajibu. Nikasikia pikipiki inawashwa.

Mnaelewa maana yake? Kama Ray akienda chini ya korongo na sisi tukaenda njia panda, hakuna atakayetukuta. Nilimpokonya Doti redio. Sijawahi kumpokonya mtu mkubwa kitu mkononi, sikulelewa hivyo. Alijaribu kunizuia, na mkono wake haukuwa na nguvu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Ray, usiende. Doti ameingiwa na baridi. Tunakuja njia panda, kama tulivyopanga."

Ray akajibu, "Nipe Doti."

"Ray, nisikilize..."

"Liva, yeye ndiye mkubwa. Nipe Doti."

Nikaisogeza redio mdomoni mwake, nikiwa nimeishika mimi. Ray akauliza, pole pole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Doti, leo asubuhi umemwacha mbwa na nani?"

"Nimemwacha Pepa na mume wangu," Doti akasema.

Mume wa Doti alikuwa amefariki kabla sijaanza kazi pale. Nilisikia Ray anavuta pumzi. "Liva," akasema. "Nakuja njia panda. Nitapiga honi kila mara. Mlete."

Nikamkalisha Doti kwa nguvu, nikamvua kiatu na soksi zilizolowa, nikamvika zangu kavu, nikamfunga mfuko wa plastiki juu ya soksi, kiatu tena. Nikamfunga zipu mimi, nikamvika koti langu la katikati na kumnywesha chai kidogo kidogo. Nikamfunga kamba kiunoni, upande wa pili wa kamba kiunoni kwangu. Justin akajifunga sleji. Na Furaha nikampa kazi: "Wewe umsemeshe. Asinyamaze. Akinyamaza unipigie kelele."

Tukaingia kwenye weupe.

Sina namna nzuri ya kuwaeleza. Hakuna juu wala chini, theluji inakupiga jichoni, na alama za buluu zote zimepakwa theluji kama mkate uliopakwa siagi. Nilifanya hivi: Justin anasimama kwenye mti wenye alama, hatoki, mimi natangulia na Doti mpaka ninapoweza bado kumsikia Justin akiita. Napangusa shina hili, napangusa lile, nikipata buluu ndipo namwita aje. Nikikosa, narudi kwake. Ni kazi ya polepole inayokera, na ndiyo iliyotuokoa. Siku mkipotelea kwenye weupe, mtu mmoja abaki mahali mnapopajua.

Kila walipotufikia nilimsikia Furaha nyuma yangu na Kiingereza chake cha kazini, kitamu kama anambembeleza mtoto. "Bibi, Pepa ni wa rangi gani? Anapenda kula nini?" Na Doti anajibu, maneno yanaburuzika, mbwa wa kahawia, anapenda jibini. Mara Furaha akapiga kelele, "Mama! Amenyamaza!" Kamba ikanivuta kiunoni. Doti alikuwa amekaa chini kwenye theluji, ameegemea hewa, anatabasamu.

"Niache nipumzike kidogo," akasema.

"Hapana."

"Kidogo tu, Liva. Ni pazuri hapa."

Nilimpigia kelele. Nilimwita kwa Kirundi, nikamwita kwa Kiswahili, sikumbuki niliyosema, na ninyi si lazima mjue. Nikamshika kwapani nikamwinua, Justin akaacha sleji akaja kunisaidia. Mwepesi kama mtoto. Alianza kulia, akasema ninamuumiza. Nikamwambia ndiyo, tembea.

Kuna mahali sikupata alama kabisa. Nikapangusa miti mpaka mikono ikafa ganzi. Nikapiga hatua nyingine, nikatanguliza fimbo, na fimbo ikapenya, haikugusa kitu. Nilikuwa kwenye ukingo. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, sikugeuka, huku Doti ananigonga mgongoni akiniuliza tunakwenda wapi. Hapo ndipo nikakumbuka kutumia miguu badala ya macho. Njia iliyokanyagwa majira yote inakuwa ngumu chini hata ikifunikwa na theluji mpya. Ukitoka pembeni tu unazama mpaka magotini. Nikaanza kupapasa kwa kiatu: kulia nazama, kushoto nazama, hapa kati nasimama. Basi njia ni hii. Tulikwenda hivyo, kama kipofu anayeufuata ukuta, nikimwomba Mungu kwa sauti bila aibu.

Kwa mbali nikasikia honi. Justin alisikia pia, akapiga magoti palepale kwenye theluji, mikanda ya sleji mabegani. Nikamwambia simama, utasali kwenye gari. Nuru ya mchana ilikuwa inafifia tulipoiona taa ya Ray.

Furaha alikuwa amevunjika kifundo. Kilipona. Justin alirudi Columbus, na kila mwaka mpya huniandikia salamu na picha ya viatu vyake vya baridi, vikubwa kama matofali. Doti walimlaza hospitali.

Nilikwenda kumwona na Ray. Alikuwa amekaa kitandani anakunywa supu, anaonekana mdogo bila lile koti. Hakukumbuka chochote baada ya kumfunga Furaha mguu. Kazini kwetu kulikuwa na desturi: baada ya kila safari ngumu tunakaa tunaeleza kilichotokea, bila kupambapamba. Akasema, "Niambie. Yote."

Nikamweleza. Korongo, zipu, redio, mbwa. Ray akainamisha kichwa pale kwenye mbwa. Nilipomaliza Doti akaniuliza, "Nilisema nini kingine?"

Ningeweza kumwambia upepo ulikuwa mwingi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo. Lakini ndiye aliyenifundisha kwamba anayeficha kitu baada ya safari anamchimbia shimo atakayefuata. Nikamwambia. Nilisema maneno yake kama alivyoyasema: kutoka kwenye joto, juzi tu, utanifundisha.

Aliweka kijiko chini. Ray akasema haraka, "Ilikuwa baridi iliyosema hayo, Doti."

"Hapana," Doti akasema. "Baridi haina maneno. Hayo yalikuwa yangu, yalikuwa mahali fulani humo ndani." Akanitazama. "Sikujua kama ninayo. Nisamehe."

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilisema haidhuru, na haikuwa kweli. Ilinidhuru. Nilikwenda nyumbani nikapika, nikaosha vyombo, nikaenda kanisani, na maneno yale yalikuwa nami kila mahali. Nilifikiria kuacha kazi. Nilikuwa nimemvika soksi zangu na kumvuta kutoka kwenye theluji kama mama yangu mzazi, na sikujua kama ninaweza kutembea tena nyuma ya mgongo wake.

Wanangu, kabla hamjapanda mwezi wa pili, kubalianeni hapa chini, kwenye joto, mkiwa na akili zenu zote: kiongozi wetu akianza kusema visivyoeleweka, nani tutamsikiliza? Mtajeni kwa jina. Kiongozi mwenyewe awe wa kwanza kukubali. Na mtakayemchagua ajue kwamba huenda akachukiwa siku hiyo, na avumilie.

Doti alirudi kazini theluji ile ilipokwisha kuyeyuka na nyingine kuja. Asubuhi hiyo tulikutana pale mwanzo wa njia, yeye, mimi na Ray. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na katikati yake kulikuwa na kile kijia chembamba kilichokanyagwa, kinachotosha mtu mmoja. Miaka yote Doti ndiye aliyetangulia. Alikuwa amesimama mbele, fimbo mkononi, mimi nyuma yake, sijamsalimia zaidi ya habari za asubuhi.

Aliinua mguu, akatoka njiani, akakanyaga pembeni kwenye theluji laini na kuzama mpaka magotini. Akasimama pale, ameshika fimbo kwa mikono miwili, akanisubiri.

Nikapita mbele.